Gari ya mzigo yenye tabo: nguvu, moshi na joto, uanze kukagua wapi

Malalamiko ya gari za mzigo zenye tabo (feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi) yanayofika gereji Unguja na Pemba ni machache, na yanajirudia. Anayebeba mchanga kutoka Donge, anayepakia magunia ya mwani Paje na anayeshusha karafuu kutoka Konde kwenda Wete, wote humaliza na ombi moja: fundi, gari imechoka, iongeze mafuta kidogo kwenye pampu. Aghalabu gari hiyo haina haja ya kuongezwa chochote. Ipo pahala inavuja, au kitu kimeziba. Ukiongeza mafuta juu ya hitilafu hiyo utapata moshi mwingi, joto kubwa, na safari fupi ya kwenda kufungua injini.

Nina nia khasa na Canter yenye injini ya 4D34T, Fuso yenye 6D16T na Isuzu yenye 4HK1, kwa kuwa ndizo za aina tunazozishika kila siku. Mwenye 4D33 ajue kuwa injini yake haina tabo, kwa hiyo ya presha ya tabo hayamhusu. Ya joto, dizeli na maji yanamhusu yote.

Kwanza geji

Hakuna anayeweza kutuni (kurekebisha injini iongeze nguvu) kwa sikio, hata akikuapia. Gari inayotaka kuongezwa nguvu, au inayofanya kazi nzito kila siku, iwe na geji nne zinazosema kweli: presha ya tabo, joto la moshi, joto la maji na presha ya oili. Ile ya joto iliyotoka na dashibodi usiitegemee sana. Nyingi hukaa katikati kimya, na zikija kupanda, maji yameshachemka.

Presha ya tabo isomwe baada ya intakula (ile kama rejeta inayopoza hewa itokayo kwenye tabo), kwenye manifodi inayoingiza hewa. Injini nyingi za Kijapani za pampu ya kawaida, zikiwa na mzigo na mguu umekanyaga mpaka chini, husoma baina ya bar 0.7 na 1.2. Za komoni reli, ambazo dizeli yake inaongozwa na kompyuta, kama 4HK1, hupita hapo. Namba ya injini yako imo kwenye kitabu chake, na hiyo ndiyo ya kufuata, si ya gari ya jirani.

Joto la moshi ndilo lenye maneno. Sensa yake ikae kwenye manifodi ya moshi, kabla ya tabo. Likibaki chini ya nyuzi 650 kwenye mlima mrefu, endelea na safari. Likifika 700, punguza mguu na urudishe gia. Likipita 750 unaichezea pistoni. Alumini tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660; pistoni inanusurika kwa sababu inapigwa oili kutoka chini na kwa sababu moto wa kila mzunguko ni wa muda mfupi. Ukiurefusha muda huo, haina pa kukimbilia. Baadhi ya watu huifunga sensa baada ya tabo, kwenye bomba la ekzosi, kwa kuwa ni rahisi kutoboa. Hapo gari yenye mzigo itasoma chini kwa nyuzi mia moja na zaidi, na namba nilizotaja hazitakufaa.

Angalizo la kutoboa: manifodi ishushwe kwanza. Mhimili wa tabo ya gari hizi huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na chembe moja ya chuma ikiingia kwenye bapa zake imeisha kazi. Huna vifaa vya kuishusha manifodi? Mpe fundi.

Maji yakae baina ya nyuzi 80 na 95. Presha ya oili injini ikiwa moto iwe kiasi cha bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000. Ikianguka ghafla zima injini hapo hapo ulipo. Usiseme unafika tu mpaka Mahonda.

"Haina nguvu, mlima inapanda kwa gia ya pili"

Dereva wa Pemba huligundua hili mapema, maana barabara ya Mkoani hadi Chake Chake ni kupanda na kushuka. Unguja, kwenye tambarare ya kwenda Makunduchi, gari inaweza kuumwa muda mrefu na mwenyewe hana habari.

Kabla ya kushika spana tazama mambo mawili kwa pamoja, moshi na geji ya presha. Presha iko chini na moshi ni mweusi: hewa haitoshi. Presha iko chini na hakuna moshi: dizeli haifiki. Presha ni ya kawaida na gari bado nzito: usiisumbue injini. Tazama klachi inayoteleza, breki inayoshika (gusa ringi za matairi baada ya safari, ya moto kupita wenzake ndiyo yenye kesi), au mzigo wenyewe. Canter ya tani tatu iliyopakiwa tani sita haina ugonjwa.

*Ikiwa ni hewa.* Anza na mipira ya intakula na klempu zake. Hiki ndicho kisababishi kinachoongoza kuliko vyote. Mvuke wa oili hulainisha mpira kwa ndani, kisha hupasuka upande wa chini usioonekana, na ufa wake hufunguka presha inapopanda tu. Gari ikisimama unaukuta umefumba. Zima injini, ngoja ipoe, ubonyeze kila mpira kwa vidole. Tafuta vumbi lililoloa oili, hapo ndipo hewa inapotokea. Mpira uliopasuka ununuliwe mwingine. Kuufunga kwa utepe wa tyubu na waya kutakufikisha nyumbani leo, lakini watu hufunga hivyo kisha wakasahau kwa mwaka.

Ukitaka uhakika, ziba mdomo wa kuingilia hewa kwenye tabo kwa kizibo kilichofungwa klempu, ingiza hewa ya kompresa isiyozidi bar 1, kisha pakaza maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Usisimame mbele ya kizibo. Kikitoka, kinatoka kama jiwe la manati.

Halafu eya klina. Vumbi la barabara zetu za kifusi ni jeupe na laini, linaingia kila tundu. Wengi huipuliza kwa kompresa kwa nguvu zote kutoka nje kwenda ndani, wakaitoboa karatasi bila kujua, na tangu hapo tabo inakula vumbi. Kama lazima upulize, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo, kisha iweke taa ndani yake gizani utazame kama kuna nukta za mwanga. Wakati wa masika kagua pia kama karatasi imelowa maji.

Cha tatu wengi hawakifikirii: breki ya ekzosi. Gari hizi zina kilango ndani ya bomba la moshi kinachofunga dereva anapoteremka mlima. Hewa ya chumvi hukishika kutu kikabaki nusu kimefungwa. Injini haipumui, joto la moshi linapanda, tabo haizunguki ipasavyo. Mwambie utingo awashe swichi na kuizima huku wewe unatazama fimbo yake. Isiporudi mpaka mwisho, umeshakipata.

Baada ya hapo ndiyo uende kwenye westigeti, yaani lile kopo dogo lenye fimbo ubavuni mwa tabo, linalofungua kilango cha kupunguza presha. Likishika kutu kilango kikiwa wazi, presha haipandi. Mpira wake mdogo ukipasuka, kinyume chake: kilango hakifunguki na presha inapita kiasi, jambo ambalo dereva hulifurahia mpaka gasketi ya silinda hedi ipulizwe. Tazama vilevile alama ya masizi kwenye viungo vya manifodi ya moshi, pamoja na sauti ya tik-tik injini ikiwa baridi. Moshi unaovujia hapo ni nguvu iliyokuwa iende kuzungusha tabo.

Tabo yenyewe iwe ya mwisho. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, toa bomba la kuingizia hewa, shika ncha ya mhimili. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, kwa sababu mhimili unaelea juu ya oili. Kucheza mbele na nyuma kunakohisika kwa kidole si kawaida. Bapa zilizokwangua nyumba yake ni mwisho wa mjadala. Usiiwashe tena injini hiyo. Na kamwe usipeleke mkono kwenye mdomo wa tabo injini ikiwa inafanya kazi.

*Ikiwa ni dizeli.* Mwambie mtu akanyage mafuta mpaka chini injini ikiwa imezimwa, utazame mkono wa pampu kama unafika mwisho wake. Waya uliolegea au kapeti lililojikunja chini ya pedeli vimewahi kufungulisha pampu nzima bure. Kisha filta, na kikombe cha kutenga maji chini yake. Kwenye hewa ya unyevu kama yetu, tangi lililokaa nusu usiku kucha hukusanya maji, na dizeli ya kwenye mapipa huja na yake. Fungua kile kizibo cha chini, mwaga ndani ya chupa nyeupe, ngoja kidogo: maji hukaa chini, dizeli juu. Gari inayofanya kazi kila siku imwagwe kila wiki.

Bado? Badala ya mpira wa kupeleka dizeli kwenye pampu, weka kwa muda mpira unaoonyesha ndani. Mapovu yakipita, kuna kiungo kinavuta upepo baina ya tangi na pampu. Fuata klempu moja moja, kisha toa upepo kwa pampu ya mkono. Ukifika kwenye noza (vinyunyizio vya dizeli) na pampu yenyewe, simama. Hivyo ni vya mwenye mashine ya kupimia, hata ikibidi pampu ivuke kwenda Dar es Salaam. Pampu iliyorekebishwa juu ya benchi la mbao huwa inarudi.

"Inatoa moshi mweusi tangu ifanyiwe tuni"

Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungua nayo. Kilo moja ya dizeli inahitaji karibu kilo 14.5 za hewa ili iungue kikamilifu, na kwa kuwa haichanganyiki sawasawa, moshi huanza kuonekana hewa ikishuka chini ya kilo 18 hadi 20. Wingu dogo unapokanyaga ghafla, likapotea tabo inapopata kasi, halina neno. Moshi unaoendelea mlima mzima ni pesa zako zinapaa, na pistoni inachomwa.

Anza na orodha ya hewa hapo juu, yote. Hewa ikiwa safi na moshi upo, basi mafuta yamezidishwa. Kwenye pampu za 4D34T na 6D16T mambo mawili huguswa na wasiokuwa na haki ya kuyagusa. Moja ni skrubu ya kiwango cha juu cha mafuta, ile iliyofungwa lakiri kiwandani. La pili ni kile kikombe chenye diafragimu nyuma ya pampu, ambacho kazi yake ni kuzuia mafuta mpaka presha ya tabo ifike. Wapo wanaokikaza ili gari iwe nyepesi kuondoka. Inakuwa nyepesi kweli, kwa gharama ya moshi kila inapoondoka na noza zinazojaa masizi. Mpira wa presha unaokwenda kwenye kikombe hicho ukipasuka ndio kinyume chake: gari nzito, haina moshi, na tabo ni nzima. Utazame kabla ya lolote, ni wa bei ndogo.

Sasa, kama kweli unataka kuongeza nguvu, utaratibu wake ni huu. Gari iwe haivuji hewa, filta mpya, valvu zimepangwa kwa vipimo vya kitabu, kompresheni imepimwa silinda zote, rejeta haina tatizo, oili imebadilishwa. Moja ya hayo likikosekana, acha. Kisha chagua mlima mmoja, mzigo mmoja na gia moja, uandike geji zote nne zinasemaje. Ndipo skrubu iguswe, sehemu ya nane ya mzunguko, si zaidi, na urudi kwenye mlima ule ule na mzigo ule ule. Jambo moja kwa wakati mmoja. Ukigusa mafuta na westigeti siku moja hutajua lipi lililokupandishia joto. Joto la moshi likifika 650 kwenye mlima huo umefika mwisho wa ruhusa yako, hata kama moshi hauonekani. Jaribio hili lifanywe na watu wawili, dereva atazame barabara na mwenzake asome geji.

Fanya kazi hiyo mchana wa kaskazi. Hewa ya moto ni nyepesi, na gari iliyotuniwa asubuhi ya kusi kwenye ubaridi itazidi joto Januari saa nane mchana.

Breki, klachi na chesi havikuongezwa chochote siku hiyo. Mwenye gari anayetaka nguvu ili apakie zaidi, mwambie wazi kwamba kushuka mlima ni suala jingine.

Gari za komoni reli ni habari mbali. Kuna visanduku vinavyouzwa vya kuchomeka kwenye waya wa sensa ya reli, vinavyoidanganya kompyuta kuwa presha ni ndogo ili iiongeze. Sivipendi. Noza na pampu za mfumo huo zinafanya kazi kwenye presha ya bar 1,600 na kuendelea tangu kiwandani, na kisanduku hakijui joto la moshi lako. Atakaye nguvu kwenye 4HK1 amtafute anayebadilisha programu yenyewe, anayekuwekea nakala ya ile ya zamani, na anayekubali kukaa na wewe ndani ya gari akisoma geji. Akikataa kukaa, umeshapata jibu.

"Joto la moshi linapanda, moshi wenyewe hakuna"

Mara nyingi ni intakula iliyoziba kwa nje. Gari inayobeba mwani huota ukoko wa chumvi na vumbi kwenye mapezi yake, na mapezi ya alumini huliwa taratibu. Pima joto la bomba linaloingia na linalotoka: yakikaribiana, intakula haifanyi kazi. Ioshe kwa maji baridi ya bomba kutoka nyuma kwenda mbele, bila mashine ya presha kubwa inayolaza mapezi. Anayepakia pwani aoshe kila jioni akirudi, na chini ya gari pia.

Kingine ni taimingi ya pampu iliyochelewa, hasa kama pampu ilishushwa hivi karibuni. Dizeli inaungua imechelewa, moto unatokea ekzosi badala ya kusukuma pistoni. Kupanga taimingi kwa kukisia ni hatari kwa pande zote mbili, maana ukiiwahisha mno joto la moshi linashuka vizuri sana kwenye geji huku presha ndani ya silinda inapasua gasketi. Hapa fundi mwenye vipimo.

Noza inayomiminika badala ya kunyunyiza huweza kutoboa pistoni moja peke yake wakati geji inasoma wastani wa zote. Ukisikia injini inagonga silinda moja, au inamisi, usiendelee kupanda mlima kwa kutegemea geji.

"Inachemsha"

Onyo kabla ya yote: kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto. Kifuniko cha bar 0.9 huyazuia maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 119, na ukikilegeza tu yote hugeuka mvuke usoni mwako. Ngoja mpaka mpira wa juu uweze kuushika na kuubana kwa mkono.

Kagua kwa mfuatano huu: kiwango cha maji, mkanda wa feni, uchafu baina ya intakula na rejeta (zimekaa mgongo kwa mgongo, na nafasi ya katikati hujaa majani na manyoya hakuna anayeiona), klachi ya feni, kifuniko chenyewe, kisha pampu ya maji.

Maji ya kisima ni adui mkubwa hapa visiwani. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi. Rejeta inayojazwa hayo huziba kwa ndani kidogo kidogo na hakuna dawa ya kuzibua itakayoirudisha upya. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko ya kisima, kwa dharura.

Na ile desturi ya kutoa termostati (valvu inayofunguka maji yakipata moto) "ili maji yazunguke vizuri" iachwe. Kwenye injini nyingi za gari hizi termostati inapofunguka huziba pia njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji moto inazunguka kupitia njia hiyo na kurudi injini bila kupita rejeta. Gari itachemsha zaidi mlimani, na asubuhi itachelewa kupata moto, oili ikichakaa.

Mapovu yanayoendelea kwenye rejeta, mipira migumu mara tu injini ikiwashwa asubuhi, au oili iliyogeuka rangi ya maziwa: gasketi ya silinda hedi. Usiitembeze. Si kazi ya kufanyia kando ya barabara.

"Tabo inapiga mluzi"

Mluzi mwembamba unaopanda na kasi umekuwepo tangu gari mpya. Mluzi uliozidi ghafla pamoja na kupungua nguvu ni hewa inavuja. Sauti ya king'ora, au ya chuma kukwaruza chuma, ni beringi. Zima.

Kabla ya kufunga tabo nyingine jua kilichoiua ya kwanza, la sivyo utanunua ya tatu. Mara nyingi ni oili chafu, au bomba la oili lililojaa makaa kwa sababu injini huzimwa ikiwa ya moto sana. Ukifika na mzigo, iache isimame ikinguruma taratibu dakika mbili au tatu kabla ya kuzima. Kwa kazi nzito ya huku badilisha oili kila kilomita 5,000, 15W-40 ya daraja linalotakiwa na kitabu. Bomba la oili la kuingia na la kurudi yabadilishwe au yasafishwe mpaka uone mwanga upande wa pili. Tabo mpya imwagiwe oili kwenye tundu lake, kisha injini izungushwe kwa stata bila kuwaka mpaka geji ya oili ipande. Ikianza kavu, imeshaumia sekunde za mwanzo.

"Moshi wa buluu, oili inapungua"

Tazama kwanza kama oili imejazwa kupita alama, jambo la kawaida kuliko watu wanavyokubali. Kisha bomba la kupumulia injini: likiziba, oili inakosa njia ya kurudi kutoka kwenye tabo ikapita kwenye sili. Toa mpira wa intakula. Utando wa oili ni kawaida, oili iliyotuama kiasi cha kujaza kikombe si kawaida. Buluu unaotoka asubuhi tu kisha ukakoma huelekea sili za valvu. Buluu wa kudumu pamoja na injini inayopumua kwa nguvu kwenye mdomo wa kutilia oili ni ringi za pistoni, na hapo ni ovahoo. Gari ya namna hiyo haituniwi.

Moshi mweupe asubuhi unaoisha injini ikipata moto hauna neno. Ukiendelea, na una harufu ya dizeli mbichi, kagua noza, taimingi na kompresheni. Ukiendelea huku maji yanapungua, rudi kwenye gasketi.

"Taa imewaka, gari imejifunga, haipiti mizunguko 2,000"

Ni ya komoni reli, na imejilinda. Soma kodi (namba ya hitilafu inayowekwa na kompyuta) kabla ya kuifuta. Filta ya dizeli, maji kwenye dizeli, sensa ya presha iliyojaa masizi na soketi zilizoota kutu ya kijani ndizo za kwanza kwenye hewa yetu. Kuifuta kodi na kuendelea na mzigo ni kumziba mdomo aliyekuwa anakuonya.

Onyo: usitafute uvujaji wa mabomba ya reli kwa mkono, hata ukivaa glavu, wala usilegeze nati zake injini ikiwa inawaka. Mchirizi mwembamba kuliko sindano hupenya ngozi. Kidonda huonekana kama kitobo kidogo kisichouma sana, kisha ndani nyama inaoza. Mtu aliyechomwa apelekwe hospitali saa ile ile, Mnazi Mmoja kwa Unguja au Abdalla Mzee kwa Pemba, aeleze wazi kuwa ni dizeli ya presha imeingia mwilini, kwani mara nyingi huhitaji upasuaji wa haraka.

"Nimezima ufunguo, inaendelea na inapanda"

Injini inakula oili yake yenyewe, kupitia sili ya tabo iliyokufa, bomba la kupumulia au oili iliyozidi. Ufunguo hausaidii kwa sababu haitumii dizeli. Una sekunde chache.

Kama gari imesimama, ni ya gia za mkono na mizunguko haijapanda sana: handibreki, breki ya mguu mpaka chini, gia ya juu kabisa, achia klachi kwa mara moja izimike. Hakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma. Kama mizunguko imeshapaa, usiisogelee injini ubavuni na usiinue kebini. Ziba njia ya hewa: kwenye Canter mdomo wake uko nyuma ya kebini, na kipande cha ubao bapa kikigandamizwa pale kinaweza kuizima. Usitumie mkono wala kitambaa, vitavutwa. Kizimamoto cha gesi ya kaboni dioksidi (CO2) kikipuliziwa mdomoni mwa bomba nacho hufaa. Ikishindikana, ondoa watu na ukae mbali.

Ikizimika usiiwashe tena kujaribu. Ivutwe mpaka gereji, na kabla ya kuguswa stata mabomba yote na intakula vimwagwe oili iliyobaki ndani, tabo ishushwe, na fundi aizungushe injini kwa mkono kuona kama kuna silinda iliyojaa oili au koneroda iliyopinda.